Ukuta Nilioujenga Vizuri Mno

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, vitenge viwili na dakika tano za kuzungumza. Mshereheshaji aliniinulia vidole vitano nikiwa bado natafuta miwani, nisije nikajisahau. Kijana mmoja wa idara ya mazingira akauliza siri ya kufanya kazi miaka mingi bila kuchoka. Nilichoka, mwanangu. Nilichoka mapema sana, ila hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikasema asanteni, nikakaa, mkapiga makofi ya nguvu kwa sababu nilimaliza kabla ya muda.

Sasa muda ninao, na nimesoma ule Mpango Mkakati wa Kuhifadhi Kingo za Maziwa mliouweka kwenye bahasha ili niutolee maoni. Jalada ni zuri. Ukurasa wa tatu kuna picha ya ukuta wa mawe unaopigwa na mawimbi marefu kuliko nyumba. Ni ukuta wa baharini. Sisi wa Mbulu na Hanang bahari tunaiona kwenye kalenda, lakini picha ni nzuri na imepigwa kwa kamera nzuri. Maoni yangu ni haya ninayoandika. Miaka ya halmashauri nitairuka, maana mliiona wenyewe: semina, chai ya saa nne, kisha semina ya kutathmini semina. Nitaeleza miaka ya mashamba ya ngano ya serikali. Huko ndiko nilikojifunza kazi ya ukingo, na huko ndiko kazi yangu ilikomvunja mtu mguu.

Nilishuka kutoka Masieda nikiwa na cheti kipya cha hifadhi ya udongo, sanduku la bati na masweta mawili aliyonifumia mama, kwa imani yake kwamba dunia nzima ina baridi kama kwetu. Kwetu milimani shamba ni kipande ambacho ukisimama katikati unaweza kumwita mtu wa pembeni akaitika. Uwandani niliikuta ngano inaanzia kwenye ncha za viatu vyangu na kuishia mahali anga linapoanzia. Kombaini nne za kuvunia zilikuwa zinakwenda sambamba zikitimua vumbi. Sikuona mti. Nikajiuliza aliyelipanga shamba lile alikuwa na ugomvi gani na miti.

Karani wa ofisi aliponiona alifurahi kwa dhati.

"Karibu dada. Mpiga chapa tumekusubiri sana."

"Mimi ni wa udongo," nikamwambia.

Akacheka kwa adabu, akaniondolea vumbi kwenye taipureta. Kwa siku nne nilichapa barua za kuomba vipuri vya trekta. Nilichapa vizuri pia, na hilo lilizidi kuniharibia.

Siku ya tano aliingia mzee mrefu mwenye koti la kijeshi lililopauka na buti zisizo na kamba. Nikasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe unayejua kuandika?"

"Ndiyo mzee."

"Na kutembea?"

"Natoka Masieda."

"Basi njoo."

Huyo alikuwa mzee Amnaay, mtu wa Mbulu kama mimi. Ujanani alichimba makinga maji kwenye miteremko ya kwetu, na shambani pale alikuwa amepewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kupima ukingo wa ziwa. Macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono na namba za futi hakuziona tena. Alihitaji mtu wa kumsomea na kumwandikia. Karani alilalamika kwamba barua zimelundikana. Mzee Amnaay hakugeuka.

Ziwa lenyewe lilikuwa dogo, upande wa Dirma, chini ya mteremko wa ngano. Mtu mzima aliweza kulizunguka kwa miguu asubuhi moja. Lilikuwa jembamba na refu, kaskazini kwenda kusini, na upepo wa mchana ulilipitia kwa urefu wake wote. Kwa hiyo mawimbi yalikuwepo, madogo lakini ya kila siku, yasiyojua Jumapili. Shamba lilichota maji pale kwa pampu. Wafugaji walinywesha ng'ombe pale tangu kabla ya shamba kuwapo. Zamani walinywesha popote. Ngano ilipokuja waliachiwa njia moja nyembamba katikati ya mashamba, na mwisho wake mteremko mmoja mpole wa kushukia majini, upande wa kusini. Hapo tu.

Kando ya ukingo wa magharibi mzee Amnaay alikuwa amepigilia vigingi kumi na viwili vya mti mgumu, vyote umbali mmoja kutoka kwenye mdomo wa ukingo, kimoja karibu na pampu na cha mwisho kupita mteremko wa ng'ombe. Kila mwezi tulipima kutoka kigingi hadi pale ardhi inapokatika. Siku ya kwanza mimi nilianza kuinama kuelekea majini na futi.

"Unafanya nini?"

"Napima maji yamesogea kiasi gani."

"Usipime ziwa. Ziwa halikuhusu. Pima nchi kavu iliyobaki."

Somo la pili alinipa siku hiyohiyo, mchana, upepo ulipokaza. Aliniambia nivue viatu niingie mahali pasipo na matete. Mawimbi yakanipiga mapajani, mchanga ukawa unatoroka chini ya visigino. Kisha akaniamuru niende nyuma ya matete, hatua thelathini tu kutoka pale. Maji yakawa yananigusa kama yananiomba radhi. Nikatoka nimelowa, nasubiri maelezo. Hakuna. Alikuwa ameshaanza kutembea kwenda kigingi cha pili. Nimehudhuria mafunzo mengi baada ya hapo, mengine katika hoteli zenye zulia, na hakuna aliyeongeza kitu cha maana juu ya somo lile.

Tulipima pamoja masika tatu. Mahali penye matete mawimbi hayakubadilisha namba. Mahali trekta zilipolima kwa kushuka na mteremko hadi ukingoni, mvua ilitengeneza korongo na ukingo ukaliwa kwa juu, hata penye matete. Mzee Amnaay aliripoti. Meneja wa shamba alikuwa mtu nadhifu, mwenye soksi ndefu nyeupe katika nchi ya vumbi jekundu. Alipokea ripoti zetu kwa mikono miwili na kuziweka chini ya jiwe zuri alilookota ziwani.

Kisha Meneja akataka klabu. Wageni wa makao makuu walikuwa wakija kutazama ngano, na ngano ukishaitazama dakika kumi umemaliza. Walihitaji mahali pa kukaa jioni na kutazama maji. Eneo alilolichagua lilikuwa mbele ya kigingi cha nne na cha tano. Mzee Amnaay alivaa koti lake akaenda kumwona, mimi nikiwa nyuma na daftari.

"Bwana Meneja, pale ardhi inaondoka. Kila masika inaondoka."

"Mzee wangu, ziwa halina miguu."

"Halina. Ndiyo maana tunasema ardhi inaondoka."

Meneja alicheka, akampigapiga begani. Klabu ikajengwa: kuta za tofali, veranda ya mbao inayoelekea majini, ubao wa kutupia vishale. Ilipokamilika ikagundulika kwamba ukikaa verandani huoni maji, unaona matete. Wakaleta vibarua na mapanga. Kwa siku mbili matete yote kutoka kigingi cha tatu hadi cha nane yalifyekwa hadi kwenye mizizi, na mizizi ikang'olewa na trekta ili yasiote tena. Wageni wakaona maji.

Mwaka ule mzee Amnaay alistaafu, akarudi Mbulu kwa mwanawe. Aliniachia futi, daftari na buti, ambazo hazikunienea. Masika iliyofuata maji nayo yakawaona wageni. Mwezi mmoja tu wa upepo na mvua, na nguzo mbili za veranda zikawa zinaning'inia hewani.

Hapo ndipo ukingo ukawa suala la kitaifa. Vigingi vilikuwa vimepiga kelele miaka, lakini nguzo ya veranda ilisikika hadi makao makuu. Akatumwa mhandisi, kijana mpole aliyezaliwa na kufanya kazi pwani. Alikuja na mchoro ulioandaliwa kwa ajili ya ufuo wa bahari. Alikuwa amefuta neno moja akaandika juu yake "ziwa". Ukuta wa vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, mbele yake mapipa ya dizeli yaliyojazwa zege, kutoka kigingi cha tatu hadi cha nane. Aliyeteuliwa kusimamia kazi nikawa mimi.

Nataka mnielewe vizuri hapa, maana mnapenda kunitaja kama mtu aliyekuwa na msimamo tangu mwanzo. Nilifurahi. Sikusema neno. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na vibarua arobaini, tipa mbili na kofia ngumu. Nilihakikisha msingi unakwenda chini ya matope hadi kwenye udongo mgumu. Nilikataa mawe ya mviringo kwa kuwa hayakamatani. Kila kikapu nilikifunga mwenyewe kwa koleo mara ya pili baada ya fundi kufunga. Kuta nyingi za namna ile nimeziona baadaye zikianguka kwa uzembe. Wangu haukuanguka. Ulisimama pale, mweusi na mnyoofu, mawimbi yakiupiga na kurudi. Wakaja watu wa picha. Kwenye picha hiyo nacheka meno yote nje.

Masika ya kwanza ya ukuta, kigingi cha nne hakikupoteza hata unyayo. Cha tisa, kupita mwisho wa ukuta, kilipoteza hatua moja na nusu. Nikadhani nimekosea. Nikapima tena. Cha kumi, kwenye mteremko wa ng'ombe, hatua mbili kamili. Pale palikuwa hapajawahi kusogea tangu mzee Amnaay apigilie kigingi.

Mzee Amnaay angeijua sababu kwa miguu tu. Mimi ilinichukua miezi miwili ya kukaa pale nikitazama. Wimbi lililokuwa linafia kwenye matete sasa lilipiga ukuta na kurudi na nguvu zake zote, likichimba chini, kisha likateleza kando ya ukuta hadi mwisho wake na kuingia nyuma. Na ule mchanga uliokuwa unamomonyoka kidogokidogo na kusukumwa na upepo kwenda kusini, ukituama kwenye mteremko wa ng'ombe, ulikuwa umefungiwa nyuma ya vikapu vyangu. Nilikuwa nimeuchukua ufuo wa wafugaji nikampa Meneja. Na kwa sababu ukuta ulikuwa imara, nilikuwa nimeuchukua kwa uimara.

Niliandika ripoti. Meneja aliisoma yote, hilo nakiri.

"Huko ni kwa ng'ombe," akasema.

"Huko watu wanashuka pia, bwana Meneja."

"Watashuka kwingine. Usiende kuwatia watu hofu."

Sikwenda. Nikaandika mwezi uliofuata, na uliofuata. Mteremko mpole ukawa ngazi, ngazi ikawa mdomo unaoning'inia, udongo mkavu juu na utupu chini. Ng'ombe wakatengeneza kijia chembamba cha kushukia pembeni mwa mdomo ule. Nilikuwa nawapita wafugaji pale kila mwezi nikiwa na futi yangu. Nilimsalimia mzee Gidamis, mkubwa wa boma lililokuwa karibu, akanijibu marahaba, akaniuliza habari za wazazi wangu. Nikamjibu kwamba hawajambo. Kisha nikainama nikasoma namba. Kuandika kulikuwa kumenitosha. Mtu akishaandika hujihisi ametenda.

Ilitokea mchana wa jua, siku mbili baada ya mvua kubwa. Nilikuwa kigingi cha saba. Nilisikia kishindo kizito kifupi, kama gunia limeangushwa kutoka juu ya tipa, kisha milio ya ng'ombe. Nilipofika, mdomo wote wa ukingo ulikuwa majini. Ng'ombe watatu walikuwa chini ya udongo. Mkwe wa mzee Gidamis, mwanamke aitwaye Udameta, aliyekuwa akichota maji chini ya ukingo, alikuwa amefukiwa hadi kiunoni na wimbi linampiga kifuani.

Tulichimba kwa mikono, wafugaji watatu na mimi. Elibariki, dereva wa katapila aliyekuwa akichonga barabara juu ya mteremko, alishuka mbio na sepetu. Udameta hakulia. Alikuwa ananitazama mimi tu, na kila nilipouondoa udongo, mwingine uliporomoka, akasema, "Tena. Toa tena." Tulipomvuta, mguu wa kushoto ulikuja umegeukia upande usiokuwa wake. Niling'oa vigingi viwili vya mzee Amnaay, cha nane na cha tisa, nikaufunga mguu katikati kwa kitenge changu. Kwenye Landrova ya shamba kwenda hospitalini Katesh niliushika mguu ule mapajani mwangu njia nzima. Mzee Gidamis alikaa mbele yangu, fimbo katikati ya magoti.

Tulipokaribia mji ndipo aliposema.

"Wewe unapima pale kila mwezi."

"Ndiyo mzee."

"Hii ulikuwa unaijua?"

Landrova ilirukaruka. Udameta alikuwa amefumba macho lakini nilijua anasikiliza.

"Nilikuwa naijua."

Hakupandisha sauti.

"Sawa," akasema. "Basi na huu mguu uandike."

Niliuandika. Upo kwenye daftari, kati ya namba mbili.

Mguu wa Udameta ulipona ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Meneja alisikitika, akatuma sukari, akamwita tena mhandisi. Tukakaa ofisini, mchoro mpya umefunguliwa mezani, mrefu zaidi, pembe zake zimebanwa kwa vikombe.

"Tutaurefusha kwenda kusini," mhandisi akasema.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mmomonyoko utakapokoma."

"Mhandisi, ukingo wa ziwa unazunguka. Ukifuata mchoro huo utarudi ulipoanzia."

Aliuma kalamu. Hakuwa mjinga. Alikuwa mbali na kwao tu.

"Na ng'ombe watanywa wapi?" nikauliza.

"Wafugaji wamezoea kutembea," Meneja akasema, akanyoosha soksi.

Nilitoka pale nikaenda bomani kwa mzee Gidamis. Nilipaswa kwenda miezi mingi kabla. Nilimweleza yote, hata ripoti, hata kofia ngumu. Nikamweleza ninachotaka kufanya: kuufungua ukuta upande wa kusini, kuukata ukingo wima uwe mteremko mrefu, kuyalaza mawe ya ukuta chini kama barabara ya kushukia, na kupanda matete pembeni. Lakini matete mapya yakikanyagwa hayashiki. Mahali pale pangehitaji kufungwa masika mbili.

Maji mengine yalikuwa mwendo wa nusu siku kwenda na nusu siku kurudi, na ng'ombe wenye ndama.

"Unatuomba tena," akasema mzee mmoja aliyekaa nyuma. "Shamba lilituomba mara ya kwanza. Tukatoa."

Mzee Gidamis aliwasikiliza wote, mmoja mmoja, jua likihama kutoka upande mmoja wa boma hadi mwingine. Mwisho akasema, "Pale hakuna maji tena, kuna shimo. Tutazunguka masika mbili. Ikishindikana, wewe utakuja hapa mwenyewe useme imeshindikana."

Udameta alikuwa mlangoni, amekaa, mguu umenyooshwa.

"Nani atazuia ng'ombe wa watu wengine?" akauliza. "Shamba litaweka askari? Nitakaa mimi. Siku hizi nina kazi gani nyingine?"

Meneja alikuwa na mkutano wa wiki nzima Arusha. Nilijaza fomu ya kuomba katapila, nikampelekea Elibariki.

"Matengenezo ya ukuta," akasoma. Akaigeuza nyuma kama kuna maelezo zaidi. "Dada, kubomoa ni matengenezo?"

"Kwa ukuta huu, ndiyo."

Akaikunja, akaiweka ndani ya kofia yake. "Kama nilivyoelewa mimi," akasema, "imeandikwa matengenezo."

Kuubomoa kulikuwa kazi kubwa kuliko kuujenga. Nilizilaani koleo zangu. Kila kikapu nilichokifunga mara mbili kilibidi kukatwa mara nne. Vibarua wa shamba, wengi wao watu wa kwetu Mbulu, walikuja siku ya kwanza. Siku ya pili wakaja watu wa Gidamis. Pande hizo mbili hazikuwa na mazoea ya kubeba jiwe moja, na asubuhi yote walibeba kila upande mawe yake, hadi walipokutana na pipa la zege ambalo hakuna upande uliolimudu peke yake. Elibariki aliukata ukingo, nikaupima kwa kamba yenye kipimo cha usawa hadi ukawa mpole kiasi cha ndama kushuka bila kuruka. Tuliyalaza mawe makubwa chini na madogo juu, tukayashindilia kwa changarawe. Matete tulichimbua kaskazini karibu na pampu, mizizi na matope yake, tukapanda mistari mitano. Juu ya ukingo tukapanda mabingobingo, majani marefu ya kushika udongo.

Hadi hapo huenda wakubwa wa shamba wangenisamehe. Lakini maji ya mvua yalikuwa bado yanashuka na mteremko wa shamba, na bila kuyageuza yangeukata ukingo kutoka juu. Nikamwambia Elibariki achonge makinga maji matatu kukatiza mteremko, ndani ya ngano ya magotini.

Alizima injini.

"Kwenye ngano?"

"Kwenye ngano."

Aliiangalia ile karatasi kofiani, akanitazama mimi, akawasha injini.

Meneja aliporudi aliniita mbele ya kamati. Walikuwa watu saba nyuma ya meza ndefu. Nje, chini ya dirisha, watu wa Gidamis walikuwa wamekaa kimya na fimbo zao, bila kualikwa.

"Umebomoa mali ya umma," Meneja akasema. "Umechonga mitaro katikati ya zao la taifa. Nani alikuruhusu?"

Nikaweka daftari mezani, nikalifungua kwenye mwezi ambao ukuta ulikamilika. Walilipitisha mkono kwa mkono. Mwenyekiti wa tawi la chama, mzee aliyekuwa amesinzia tangu mwanzo, alilisoma kuliko wote. Alifika kwenye mguu.

"Huyu mwanamke," akauliza, "anatembea?"

"Anatembea na fimbo, mzee."

"Alikuwa anatembea na fimbo kabla ya ukuta?"

Hawakunifukuza. Walinihamishia kitengo cha kufukuza ndege wa ngano. Kwa misimu miwili niliamka alfajiri na kupiga debe katikati ya uwanda, mtaalamu mwenye cheti, ndege wakinizunguka kwa heshima kubwa na kutua nyuma yangu. Sitawadanganya kwamba iliniumiza sana. Ndege angalau hawakuniomba ripoti.

Mhandisi hakurudi tena, na saruji ya kurefusha ukuta ilipelekwa kujenga klabu mpya, safari hii mlimani. Masika ya pili mawimbi yalizunguka nyuma ya ukuta uliobaki, na veranda ya klabu ya zamani ikaingia ziwani pamoja na viti na ubao wa vishale. Meneja alikuwa ameshahamishwa, kwenda shamba kubwa zaidi. Sitaeleza zaidi kuhusu hilo.

Udameta alikaa pale masika zote mbili. Kila mtu aliyenipitia uwandani alinipa habari zake. Amewatimua ng'ombe wa bwana fulani kwa madongoa. Amemtimua bwana mwenyewe. Amemzuia dereva wa shamba aliyetaka kuoshea trekta. Mwaka wa kwanza nusu ya matete yalikufa, akapanda mengine bila kuniuliza, na aliyapanda karibukaribu kuliko nilivyofanya mimi. Yake ndiyo yaliyoshika.

Mwisho wa masika ya pili mzee Gidamis aliniita. Niliwaacha ndege wa ngano nikaenda kwa miguu yangu. Matete yalikuwa yamenipita kimo. Maji nyuma yake yalikuwa yametulia. Mchanga ulikuwa umeanza kurudi, umetanda chini ya mawe. Juu ya mteremko kundi zima lilikuwa limesimama, maboma matatu pamoja, ng'ombe wanasukumana kwa harufu ya maji, wafugaji wamewazuia kwa fimbo na miluzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Imekamilika?"

"Imekamilika mzee."

"Itabeba?"

"Itabeba."

Alinyoosha fimbo kuelekea chini, mahali mawe yanapokutana na maji.

"Shuka basi. Simama pale. Halafu tutawafungulia."

Alikuwa amenionyesha pale Udameta alipokuwa akichota siku ile. Nilitazama nyuso zao nione kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Nikavua viatu, nikashuka. Nilipofika chini niligeuka, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, ukingo wote niliouchonga ukiwa juu yangu. Nilianza kuhesabu makosa ambayo huenda nilifanya. Changarawe ya upande wa kulia ilishindiliwa jioni, vibarua wamechoka. Jiwe moja kubwa niliacha limekaa vibaya kidogo. Ripoti zote nilizoandika maishani sikuwahi kuziandika nikiwa nimesimama mahali kama pale.

Akapiga mluzi.

Walishuka wote kwa pamoja. Nilisikia mawe yakigongana chini ya kwato, nikahisi mtetemo miguuni, vumbi likanifunika. Nilifumba macho. Pembe zilinipita kulia na kushoto, mate yakanidondokea mikononi, ndama mmoja akanikanyaga kidole. Niliposikia wanakunywa ndipo nilipofumbua macho. Mawe yalikuwa pale yalipolazwa. Ukingo ulikuwa mahali pake.

Udameta alishuka nyuma ya ng'ombe wa mwisho, polepole, fimbo kwanza, kisha mguu mfupi, kisha mrefu. Hakunisalimia. Alipita kando yangu, akaingia hadi magotini, akainama akanawa uso, akajaza kibuyu chake. Wakati wa kupanda alinipa kibuyu nimbebee.